Ukuta wa Masanduku ya Chuma: Namna ya Kuupanga na Kuusimamisha

Ukuta wa masanduku ya chuma haushikiliwi na chuma. Kauli hiyo huwashangaza wanaouona mara ya kwanza, maana macho yanaona mabati, nguzo na bolti tu. Lakini ukuta wa urefu wa mita 4 kwenda juu na upana wa mita 2.2 una karibu tani 16 za udongo katika kila mita moja ya mstari wake, ilhali chuma chote cha mita hiyo ni mamia machache ya kilo. Kinachouzuia mlima usishuke ni uzito wa udongo uliofungiwa ndani. Chuma ni chombo cha kuubana udongo huo ukae pamoja na ufanye kazi kama bonge moja. Fundi asiyelielewa hilo atatumia siku nzima kung'arisha safu ya mbele, kisha atajaza masanduku kwa udongo wowote utakaomwagwa na lori.

Aina hii ya ukuta ilikulia Amerika Kaskazini, ikatangazwa sana na American Rolling Mill Company, kampuni iliyoanzishwa Middletown, Ohio, mwaka 1899 na ambayo jina lake lilifupishwa kuwa Armco. Jina hilo si geni Afrika Mashariki: wajenzi wa barabara bado huliita kalavati la bati la migongo “Armco”, hata likiwa limetengenezwa na kiwanda kingine kabisa. Kule Marekani na Kanada kuta za masanduku zimesimama kando ya barabara za misituni zinazokwea milima, kwenye miisho ya madaraja, na migodini, pale malori makubwa yanaporudi nyuma kumwaga mawe kwenye mashine ya kusaga.

Kwa msomaji wa Lushoto, Iten, Bukavu au Bujumbura, mahali ambapo barabara imekatwa ubavuni mwa mlima na kila masika huleta kifusi kipya, swali ni moja: je, ukuta huu unamfaa?

Jibu linategemea vitu vilivyo karibu. Palipo na mawe magumu mengi na vibarua wenye mazoea ya kuyapanga, gabioni, yaani kapu la waya lililojazwa mawe, itakuwa nafuu zaidi, na hakuna sababu ya kuagiza chuma kutoka mbali. Ukuta wa zege unafaa penye saruji, maji safi, nondo na muda wa kusubiri zege likomae. Masanduku ya chuma yanashinda kwenye hali mahususi: mawe hayapo lakini moramu au mchanga wenye changarawe upo; njia ni nyembamba, mashine nzito hazipiti; barabara haiwezi kufungwa kwa muda mrefu. Vipande huja vimelazwa bapa katika mafungu, vinabebwa na watu wachache na kuungwa kwa spana, na ukuta unaanza kazi siku ile ile unapojazwa.

Sasa yaliyomo. Kila sanduku lina urefu wa karibu mita 3 likipimwa sambamba na barabara. Kwenye pembe zake kuna nguzo za chuma zilizosimama. Mabati ya mbele na ya nyuma yanalala kati ya nguzo na nguzo, na mabati ya ubavu yanaunganisha nguzo ya mbele na ya nyuma. Bati la ubavu hutumiwa na masanduku mawili jirani. Kina cha sanduku, yaani umbali kutoka uso wa ukuta kwenda ndani ya mlima, huchaguliwa kulingana na urefu wa ukuta. Vipimo vya viwandani huanzia chini ya mita 2 na kupita mita 4. Jambo moja ambalo wengi hawalitazamii: sanduku halina sakafu. Udongo wa ndani umekaa moja kwa moja juu ya ardhi.

Kukosa sakafu huko ndiko kunakoiongoza hesabu nzima. Mwaka 1895 mhandisi wa Kijerumani, H. A. Janssen, alichapisha majaribio aliyoyafanya juu ya nafaka kwenye maghala marefu ya kuhifadhia. Aligundua kwamba mkandamizo wa chini hauongezeki bila kikomo kadiri nafaka inavyozidi kuwa nyingi, kwa sababu msuguano unaufanya ukuta wa ghala ubebe sehemu ya uzito. Udongo ndani ya sanduku la chuma hufanya vivyo hivyo: sehemu yake hung'ang'ania mabati na kuzikandamiza nguzo kuelekea chini, na sehemu iliyobaki hutua ardhini. Kwa hiyo ukuta ukijaribu kupinduka, si udongo wote utakaonyanyuka pamoja nao. Miongozo ya AASHTO, chama cha idara za barabara za majimbo ya Marekani, inaruhusu asilimia 80 tu ya uzito wa udongo wa ndani ihesabiwe katika kuzuia kupinduka.

Tuufanyie mfano ukuta wenye urefu wa mita 4 na kina cha mita 2.2. Udongo una uzito wa tani 1.8 kwa mita ya ujazo na pembe ya msuguano ya digrii 30, na nyuma ya ukuta ardhi ni tambarare. Kwa udongo wa namna hiyo, msukumo wa pembeni ni theluthi moja ya mkandamizo wa kwenda chini. Hesabu inatoa tani 4.8 zinazosukuma kila mita ya ukuta, zikigusa kwenye theluthi ya chini ya urefu. Ongeza magari yanayopita juu, tuseme tani 1 kwa kila mita ya mraba, na msukumo unapanda kufikia tani 6.1.

Upande wa pili kuna tani 15.8 za udongo wa ndani. Bila magari, ukuta uliosimama wima una uwezo wa kuzuia kupinduka mara 2.2 ya nguvu inayoupindua, kwa kuhesabu ile asilimia 80. Kiwango kinachotafutwa kwa desturi ni mara 2, kwa hiyo hapo mambo ni shwari. Magari yakiingia, uwiano unaanguka hadi 1.5. Mjenzi anaweza kupanua sanduku, lakini kuna njia ya bei ndogo zaidi: kuulaza ukuta kuelekea mlimani kwa mwinamo wa 1 kwa 6, yaani kila mita 6 za kupanda, ukuta urudi nyuma mita 1. Kwa mwinamo huo kitovu cha uzito kinasogea nyuma karibu sentimita 33 na uwiano unarudi kwenye 2. Ndiyo maana kuta nyingi za masanduku huonekana zimeegemea mlima. Si kwamba zimesogezwa na udongo. Zilisimamishwa hivyo tangu mwanzo.

Kuteleza kunahesabiwa kwa uzito wote, kwa sababu udongo usio na sakafu chini yake unashikana na ardhi moja kwa moja. Msuguano wa tani 9.1 dhidi ya msukumo wa tani 6.1 unatoa uwiano wa 1.49. Kinachotakiwa kwa kawaida ni 1.5. Mhandisi makini hatakubali kubahatisha kwa kutegemea tofauti ndogo hivyo. Ataongeza kina cha sanduku au ataulaza msingi wenyewe uelekee nyuma. Kwa makadirio ya awali, kabla ya mhandisi kukaa na kalamu, kina cha sanduku cha kati ya nusu na asilimia 60 ya urefu wa ukuta ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mfano huo ulichukulia ardhi tambarare nyuma ya ukuta, hali ambayo milimani ni nadra. Mteremko ukiendelea kupanda juu ya ukuta kwa mita 1 katika kila mita 2, msukumo wa udongo ule ule unaongezeka kwa asilimia 60 hivi. Anayenakili mchoro wa ukuta wa tambarare na kuupeleka kwenye kilima cha Usambara ananakili pia kuanguka kwake.

Halafu kuna maji. Rudi kwenye mfano ule ule, uondoe magari, kisha ufikirie mvua imejaza maji nyuma ya ukuta hadi juu. Maji peke yake yanasukuma kwa tani 8 kila mita. Udongo uliozama unakuwa mwepesi na kusukuma kwa tani 2.1 hivi. Jumla ni tani 10, zaidi ya mara mbili ya zile 4.8 za udongo mkavu, na wakati huo huo udongo wa ndani ya masanduku umelowa na kupoteza sehemu ya uzito wake wa kushikilia. Hakuna upanuzi wa sanduku unaoweza kushindana na hali hiyo kwa bei ya kawaida. Dawa yake ni kuyatoa maji kabla hayajasimama.

Maungio ya mabati hupitisha maji kiasi, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya kwamba ukuta wa chuma hauhitaji kingine. Nyuma ya ukuta, kwenye usawa wa chini kabisa, laza bomba lenye matundu, ulizungushie kokoto na kitambaa cha kuchuja kinachozuia tope, kisha ulipe mteremko wa kutokea mahali panapoonekana na panapofikika. Palipo na chemchemi ubavuni, tandika tabaka la kokoto lipande pamoja na ukuta hadi juu ya chemchemi hiyo. Juu ya ukuta chimba mtaro wa kupokea maji ya mlima na kuyapeleka pembeni, na tabaka la mwisho la kufunika liwe la udongo usiopitisha maji kwa urahisi. Mtaro huo wa juu ndio unaosahaulika mara nyingi, na ndio wa bei ndogo kuliko vyote.

Kabla ya kuagiza chochote, chimba mashimo ya majaribio kwenye mstari wa ukuta na uingie chini ya usawa wa msingi. Tafuta udongo mweusi wa mbuga unaovimba na kupasuka, kifusi cha zamani kilichomwagwa na waliotengeneza barabara, na dalili kwamba mlima mzima unatembea: miti iliyopinda shina, nyufa zenye umbo la mwezi mchanga juu ya mteremko, nguzo za umeme zilizoinama. Ukiziona hizo, ukuta wa mita 4 hautasaidia. Mteremko wote ukiteleza utauchukua na masanduku yake yakiwa yamejaa. Hapo kinachotakiwa ni kuhamisha njia au kuukausha mlima kwa mifereji mirefu, kazi inayomtaka mtaalamu wa miamba na udongo.

Ukuta huu huvumilia ardhi inayotitia kidogo, kwa sababu maungio ya bolti yanacheza. Uvumilivu huo una mpaka: tofauti ya kutitia isizidi sehemu 1 katika 200, sawa na sentimita 5 kwa kila mita 10 za ukuta. Vilevile AASHTO haipendekezi ukuta wa namna hii kwenye kona yenye nusu kipenyo kilicho chini ya futi 800, karibu mita 244, isipokuwa kona hiyo ikatwe kuwa vipande vilivyonyooka. Barabara ya Mombo hadi Lushoto, yenye kona baada ya kona, ingehitaji kuta fupi fupi zilizonyooka badala ya mstari mmoja unaojipinda.

Msingi wenyewe huchimbwa kwa ngazi, kila sanduku likae kwenye usawa wake. Mbele ya ukuta ulio juu ya mteremko acha kingo tambarare yenye upana wa angalau mita 1.2 ili maji yasile chini ya nguzo. Chini ya kila nguzo kuna sahani ya chuma, na hapa mafundi waliozoea zege hukosea kwa nia njema: wanamwaga zege gumu chini ya sahani. Kumbuka Janssen. Udongo wa ndani utashuka kidogo kadiri unavyojishindilia kwa uzito wake, na ukishuka unaivuta nguzo. Nguzo iliyokaa juu ya jiwe au zege haiwezi kushuka nao, hivyo inabeba mzigo ambao haikupangiwa, bati linapinda, bolti zinakatika. Penye mwamba, chonga nafasi na uweke chini ya sahani tabaka la udongo laini kiasi ili nguzo nayo iweze kutua.

Kuunga ni kazi ya starehe ukilinganisha na mengine. Panga vipande kwa namba zake kabla ya kuanza, kwa kuwa vinafanana machoni na vinatofautiana unene: vya chini ni vinene zaidi. Funga bolti zote kwa mkono, bila kukaza, mpaka masanduku matatu au manne yawe yamesimama. Vuta kamba mbele, pima mwinamo kwa timazi na usawa kwa pimamaji, nyoosha, ndipo ukaze. Ukikaza mapema, kosa la sentimita 1 kwenye sanduku la kwanza litakuwa mashimo ya bolti yasiyokutana kwenye sanduku la kumi, na fundi mwenye haraka ataanza kuyapanua kwa moto wa gesi. Usiruhusu. Moto huunguza zinki, na kutu itaanzia hapo hapo.

Baada ya bolti zote kukazwa ndipo udongo uingie, na hakuna hatua inayostahili msimamizi mkali kuliko hii. Tumia moramu safi au mchanga wenye changarawe, ambao chembe zake laini zinazopita kwenye chujio la milimita 0.075 hazizidi asilimia 15. Udongo wa mfinyanzi, majani, mizizi na mawe makubwa vibaki nje. Weka tabaka la sentimita 15 hadi 20, lowesha kiasi, shindilia kufikia asilimia 95 ya mgandamano wa maabara, kisha weka tabaka lingine. Pembeni mwa nguzo na chini ya migongo ya bati tumia kishindilio cha mkono. Hapo ndipo mapengo hujificha. Masanduku jirani yapande pamoja, na udongo wa nyuma ya ukuta upande nao bila kuyatangulia. Mlima wa udongo ukirundikwa nyuma ya masanduku matupu, utayasukuma kama makopo, na hayatanyooka tena. Mashine nzito ya kushindilia ikae mbali na mgongo wa ukuta kwa mita moja na nusu au zaidi.

Lakini chuma hula kutu, na muuzaji anayesema zinki itadumu milele anauza maneno. Bati la kawaida la migongo hupakwa gramu 610 za zinki kwa mita ya mraba zikihesabiwa pande zote mbili, sawa na unene wa maikromita 43 kwa upande mmoja. Kwa viwango vya AASHTO vya chuma kilichozikwa kwenye udongo usio mkali, zinki hupungua maikromita 15 kwa mwaka katika miaka 2 ya kwanza, kisha 4 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo ya tahadhari, zinki inakwisha baada ya miaka 5 hivi. Baada ya hapo chuma chenyewe hupungua maikromita 12 kwa mwaka kila upande. Bati la ubavu lenye unene wa milimita 2.7, linaloguswa na udongo pande zote mbili, litakuwa limebaki na milimita 1.6 ifikapo mwaka wa 50. Kwa hiyo mwulize mhandisi swali hili: hesabu ya nguvu imefanywa kwa unene wa leo au kwa unene utakaobaki?

Udongo “usio mkali” una vipimo vyake. Uasidi uwe kati ya pH 5 na 10, ukinzani wa umeme usipungue omu-sentimita 3,000, kloridi isizidi sehemu 100 katika milioni na salfeti isizidi 200. Mchanga wa ufukweni kwa kawaida haupiti kipimo cha kloridi. Kwa sababu hiyo mjenzi wa Tanga, Kilwa au Lamu anayetaka ukuta wa kuzuia mmomonyoko karibu na bahari achague zege lililopangwa kwa maji ya chumvi au mawe. Tahadhari hiyo dhidi ya chuma inawahusu pia wanaojenga chini ya machimbo yanayotoa maji ya asidi.

Kuna adui mwingine: biashara ya chuma chakavu. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya miundombinu ya umeme na reli kuharibiwa, na marufuku hiyo iliondolewa mwezi Mei mwaka huo huo. Bango la barabarani likiibwa, dereva anapotea njia. Bati la mbele la sanduku likifunguliwa kwa spana usiku, udongo unamwagika na barabara inafuata. Baada ya kukagua ukazaji, ponda nyuzi za kila bolti ya uso kwa nyundo ili nati isifunguke, upake rangi yenye zinki juu ya jeraha, na uweke vipande vichache vya akiba stoo ya wilaya.

Ukaguzi ufanywe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Mkaguzi atembee chini ya ukuta akitazama bati lililotokeza tumbo, bolti iliyokosekana, udongo unaovuja kwenye maungio na mdomo wa bomba la maji. Bomba lililokauka wakati mvua inanyesha limeziba, nalo lizibuliwe siku hiyo hiyo. Na kwa anayetaka kuanza: nenda kwa mhandisi aliyesajiliwa ukiwa na majibu ya maabara ya udongo mkononi, yaani pembe ya msuguano, pH, kloridi na uwezo wa ardhi kubeba mzigo. Mkandarasi anayetaja bei kabla ya kuyaona hayo asipewe kazi.